Wariara na Kesi ya Kifaranga

Ukifika Kabazi uulize kwa Mama Sue, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha. Utaambiwa upite kanisa, ushuke na njia ya kituo cha maziwa, kisha usikilize. Ukisikia mwanamke anaimba nyimbo za ibada kwa sauti isiyo na haya, akikosea maneno ya ubeti wa pili kila mara, umefika. Jina lake hasa ni Wariara, mke wa Mbugua fundi wa mawe, na akiimba hivyo ujue yuko zizini anakamua.

Ana ng'ombe watatu. Mkubwa wao anaitwa Minista, kwa sababu anakula sana na hapendi kuulizwa maswali. Minista hakubali mkono wowote isipokuwa wa Wariara. Mbugua alijaribu mara moja, wakati mkewe alipokuwa hospitalini kujifungua, akarudi nyumbani akichechemea, na tangu siku hiyo humsalimu ng'ombe huyo kwa mbali. Basi kila siku iendayo kwa Mungu, saa kumi na moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, Wariara huwa amekaa kwenye kigoda chake, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, mikono imejaa mafuta ya kukamulia. Amewahi kukamua akiwa na homa. Alikamua hata siku ya harusi ya dada yake, amevaa kitenge kipya, na kitenge hicho hakikupona.

Ni mwanamke aliyeridhika na maisha yake, na sioni kwa nini tulifiche jambo hilo. Shamba lake dogo lina maji, mvua ya Subukia haimtupi sana, na mumewe si mlevi. Majirani humwonea wivu kidogo. Anajua, na inamfurahisha.

Sasa mtu kama huyu alifikaje kizimbani mjini Nakuru, mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, akihojiwa na wakili aliyetoka Nairobi na vitabu vinne vizito?

Ilianza na kazi ya shule. Siku hizi walimu hutuma kazi kwa simu. Piga picha mtoto akifagia uwanja, mrekodi akiimba, tafuteni kwenye mtandao aina za udongo. Mzazi asiye na simu ya maana anaonekana hapendi elimu. Wariara akauza ndama dume, akanunua simu ya kioo kikubwa, na kwa kuwa wakati wa kazi za shule yeye huwa na Minista, simu ikawa inakaa mikononi mwa Sue, binti yake wa pekee, aliyekuwa na miaka kumi.

Jioni moja Sue alipaza sauti kutoka mlango wa jikoni.

"Mami! Wanauliza umezaliwa mwaka gani!"

"Nani hao?"

"Simu!"

"Elfu moja mia tisa themanini na nne!" Wariara alijibu bila kuinua kichwa, tena kwa madaha, maana anaamini miaka hiyo haionekani usoni mwake.

Usimcheke. Katika nyumba nyingi za huku kila kitu kina jina la mama. Laini ya simu ni ya mama, kadi ya hospitali ni ya mama, fomu ya shule ameijaza mama, na hata mita ya stima inamjua yeye. Simu ikiuliza ni nani, jibu ni mama. Wariara hakuona kwamba amedanganya mtu. Alidhani amejaza fomu nyingine, na akaendelea kuimba.

Kumbe haikuwa kazi ya shule. Ilikuwa programu ya video fupifupi inayoitwa Rukaruka, ambayo masharti yake yenyewe yanasema mtu wa chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi. Video moja ikiisha nyingine inaanza kabla hujavuta pumzi, na unaweza kwenda nazo hivyo hadi mkono ufe ganzi. Halafu pembeni ya kioo yuko kifaranga wa manjano, amevaa kofia. Ukitazama video anakula, ananenepa, anapata nyota. Ukikaa siku nzima hujafungua anaanguka chali, machozi yanamtoka, na ujumbe unaingia: "Nimekungoja. Umenisahau?" Siku ya pili anakufa, na nyota zote zinakwenda naye. Kuna watu wazima, wenye digrii na watoto wao nyumbani, waliokaa mezani wakapanga hayo machozi. Ningependa sana kuwaona nyuso.

Mwanzoni Wariara alifurahi. Nyumba ilitulia. Mtoto haulizi maswali, hapigani na paka, hamwagi unga. Alipoona Sue anaamka kabla ya jogoo alimsifu kanisani, akisema binti yake amekuwa na bidii ya kusoma. Ni sifa ambayo bado anaikumbuka kwa aibu.

Kisha jioni moja nguchiro akaingia kwenye banda la kuku. Kufunga banda ilikuwa kazi ya Sue, na Sue hakufunga. Wariara alikuta kuku watatu wamekufa na manyoya yametapakaa mpaka kwenye majani ya nepia ya ng'ombe. Akamkuta binti yake ameketi nyuma ya nyumba, analia kwa kwikwi, mabega yanaruka. Huruma ikamshika.

"Wacha kulia, mami," akambembeleza Sue. "Kuku tutanunua wengine."

"Si kuku," Sue akasema, akamwonyesha simu iliyozimika. "Chaji iliisha jana, na stima haijarudi. Atakufa leo. Nimemlea siku mia moja na nne!"

Wariara alisimama pale na kuku mfu mkononi, akiwa hajui aanzie wapi. Mtoto aliyezaliwa kati ya vifaranga, aliyewashika wakiwa bado na unyevu wa yai, alikuwa akimlilia kifaranga wa kioo na wale wa kweli hakuwatazama hata mara moja. Hapo ndipo alipoogopa. Alimnyang'anya simu, na kwa siku mbili Sue hakula, akatapika, akamwambia mama yake maneno ambayo hayastahili kuandikwa. Siku ya tatu Wariara akamrudishia. Akajichukia kwa hilo, lakini alimrudishia.

Aibu yake ilipungua kidogo kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu Owuor, anayefundisha gredi ya sita, alisimama mbele na kusema kwamba nusu ya darasa lake inalala kabla ya saa nne asubuhi. Kisha akauliza swali ambalo wageni wasingelielewa. "Wazazi, ni nani hapa mtoto wake analea kifaranga?" Mikono ikainuka polepole, ya kina mama wengi na baba mmoja, kila mtu akitazama wengine kuona kama yuko peke yake. Wariara alihesabu mpaka akaacha.

Wakati huohuo, kumbe, serikali ilikuwa imetoa kanuni. Zilisema programu yoyote ikitumiwa na mtoto, video zisijiendeshe zenyewe bila kikomo, ujumbe usitumwe saa za shule wala za kulala, na mambo kama kile kifaranga yaondolewe. Rukaruka wakakimbilia mahakamani. Walidai kanuni zinabana uhuru wa watu kujieleza, na zaidi ya hayo, kwamba haziwahusu, maana kwao hakuna watoto. Kila mtu ameandika mwaka wake wa kuzaliwa na wote ni watu wazima. Vyama vya wazazi wa Nakuru vikaomba kuingizwa kwenye kesi ili vipinge, na wakili wao akaanza kuzunguka vijijini akitafuta mashahidi.

Wakili huyo alikuwa Jepleting, dada mdogo wa umri, mrefu, mwenye viatu vya mjini. Alifika kwa Wariara saa kumi na moja jioni, akaambiwa kama anataka mazungumzo aje zizini. Alivaa gambuti za Mbugua, akaketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, akafungua daftari. Wariara akampenda hapohapo.

Alimweleza yote, la nguchiro na la siku mia moja na nne. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa, mikono yake ilisimama kukamua, jambo ambalo Minista alilishangaa.

"Huo mwaka ni mimi nilimwambia. Sikujua ni ya nini. Nilisema tu."

Jepleting aliacha kuandika. "Mama Sue, hapo ndipo watakushika. Watasema hiyo akaunti si ya mtoto, ni yako. Na ukikubali ulitoa mwaka wa uongo, watasema makosa ni ya wazazi, si ya kampuni. Watajaribu kuangusha ushahidi wa wamama wote na huo wako."

"Kwa hivyo nisikuje?"

"Kuja. Lakini sema ukweli, yote. Mimi siwezi kukuambia useme kitu ingine."

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Mbugua alijaribu kumchangamsha kwa utani wake. "Yaani mke wangu anaenda Nakuru kushtaki kuku," aliwaambia watu dukani, na kwa kweli Wariara mwenyewe alicheka. Lakini jirani yake Wangechi, ambaye huwa na jibu la kila kitu, alimvuta kando kwenye kituo cha maziwa.

"Wee, mbona ujiumize? Sema mtoto alijiandikia mwenyewe. Nani atajua? Mtoto hafungwi."

Wariara alilitafakari shauri hilo njia nzima akirudi na mtungi mtupu, na asijidanganye mtu, lilimvutia. Lingemtoa kwenye aibu. Lingeokoa kesi ya wazazi wengine. Kitu kimoja tu kingebaki, nacho ni kwamba mahali fulani kwenye faili la serikali ingeandikwa kwamba binti yake wa miaka kumi na mmoja ndiye mwongo.

Jioni hiyo Sue alimfuata mpaka mlango wa zizi. Siku hizo ilikuwa nadra kumwona akija bila kuitwa. Simu ilikuwa mkononi, lakini alikuwa ameigeuza kioo chini.

"Mami, nilisikia Anti Wangechi akikuambia kule kwa maziwa. Sema tu ni mimi. Mimi sitajali."

Alisema bila hasira, macho yakiwa kwenye gambuti zake. Mtoto huyu aliyekuwa amepotea ndani ya kioo kwa mwaka na zaidi alikuwa ametoka mle, kwa dakika moja, ili kumbebea mama yake mzigo. Ikamjia Wariara waziwazi kwamba binti yake bado yupo, na kwamba akimtwika hilo atamfukuza arudi ndani asitoke tena.

"Enda ukafunge kuku," alimwambia, kwa sababu angesema zaidi angelia. "Hiyo yangu nitasema mwenyewe."

Siku ya kesi alikamua saa tisa alfajiri, Minista akakasirika, na saa tatu asubuhi walikuwa Nakuru, yeye na Mbugua, aliyevaa koti lake la mazishi kwa kuwa hana lingine. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyowaza. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na aliamuru kwanza kwamba mtoto asitajwe jina, aitwe S tu. Hilo lilimtuliza Wariara. Aliapa kwa Biblia kwa sauti kubwa kama ya zizini hadi karani akamwashiria apunguze.

Wakili wa Rukaruka aliitwa Wamalwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu nyingi, zile adabu zinazokufanya ushike mkoba wako vizuri.

"Shikamoo mama. Hutachoka, nina maswali machache. Hii akaunti iko kwa jina la nani?"

"Yangu. Wariara."

"Na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa hapo?"

"Themanini na nne."

"Ni mwaka wa S huo?"

"Hapana. Ni wangu."

"Nani aliutoa?"

Mbugua, kwenye benchi la nyuma, aliinamisha kichwa. Jepleting alitazama karatasi zake. Wariara alimtazama wakili usoni.

"Ni mimi. Mtoto aliniuliza nikamwambia. Yeye hakujua, mimi pia sikujua, lakini ni mimi mkubwa. Hilo kosa ni langu."

Wamalwa alitabasamu kwa upole, kama mtu aliyepata alichokijia, lakini hakuishia hapo. Laiti angeishia hapo! Alichukua rundo la karatasi ambazo mahakama iliiamuru kampuni kuleta, kumbukumbu ya kila kitu akaunti ile ilichotazama.

"Kwa hivyo, mama, kampuni iliambiwa kuna mwanamke wa miaka arobaini, na ikamwamini. Tuone basi huyo mwanamke. Hapa, Jumatatu, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mpaka kumi na mbili na nusu. Video mia moja na sita. Jumanne, saa hiyohiyo. Jumatano. Pengine mama alikuwa anapumzika baada ya kazi? Hakuna ubaya. Hata mimi hutazama."

Watu wakacheka kidogo. Wariara hakucheka. Alikuwa amekunja uso, akifikiria.

"Saa kumi na moja jioni?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Ni kumbukumbu ya mashine, haidanganyi."

"Saa hiyo ninakamua," Wariara akasema. "Uliza mtu yeyote wa Kabazi. Uliza huyo mwanaume ameketi pale nyuma, aliwahi kupigwa teke. Mikono yangu saa hiyo iko na mafuta mpaka hapa. Hata ukinipigia simu mama yangu amekufa, siwezi shika."

Mkalimani alianza kutafsiri kwa Kiingereza, lakini jaji alimnyooshea mkono anyamaze. Alikuwa anaelewa vizuri sana.

"Na nikuulize, wakili. Hizo karatasi zinaonyesha ni video za nini?"

"Mama, hapa mimi ndiye ninauliza—"

"Mwache," jaji akasema. "Hilo ni swali hata mimi nilikuwa nalo."

Wamalwa akasoma, sauti ikipungua kadiri alivyoendelea. Wanasesere wakipikiwa uji. Namna ya kutengeneza ute wa rangi wa kuchezea. Paka aliyevaa soksi. Wanasesere tena. Wimbo wa hesabu.

"Na matangazo, Mheshimiwa," Wariara akaongeza, akimgeukia jaji, maana sasa alikuwa amepata moto. "Mimi nikimaliza kukamua nilikuwa nachukua hiyo simu naona matangazo inaniletea. Mkoba wa shule, rangi ya waridi. Viatu vya mtoto. Keki ya birthday. Mimi niko na ng'ombe watatu. Kila mtu anayetaka kuniuzia kitu anajua mimi ni wa ng'ombe. Hii simu yao, mwaka mzima, haijawahi kuniletea tangazo ya dawa ya kupe. Hata siku moja! Kama kweli walidhani ni mimi, si wangeniletea hata dawa ya kupe?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Karani alicheka, askari wa mlangoni akacheka, na Mbugua alipiga goti lake kwa kofi lililosikika mpaka mbele. Jaji aliinamisha kichwa akaandika kwa muda mrefu, na Jepleting, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaza taya, aliweka kalamu chini taratibu. Mwaka wa uongo aliutoa Wariara. Lakini kampuni haikuuamini hata siku ya kwanza. Ilijua ni mtoto, ikamuuzia vya mtoto, na ilipofika mahakamani ikasema haijawahi kuona mtoto.

"Sina swali lingine," Wamalwa akasema.

Jaji alikuwa nalo moja. Alivua miwani. "Mama, wewe unataka mahakama hii ifanye nini?"

Wariara alishika ukingo wa kizimba.

"Iwe na mwisho, Mheshimiwa. Hiyo tu. Mtoto afike mahali aambiwe imeisha. Kila kitu huisha. Hata ng'ombe, ukimkamua maziwa inafika inaisha, anakupiga teke, unaenda nyumbani."

Uamuzi ulisomwa wiki tano baadaye kwa njia ya video, kama wanavyofanya sasa. Wariara aliusikiliza kwenye kituo cha maziwa, simu imeegemezwa kwenye mtungi, wanawake kumi na watatu wamemzunguka. Jaji alisoma kwa karibu saa nzima. Kila baada ya dakika chache Wangechi aliuliza, "Tumeshinda ama?" na Wariara akamjibu, "Ngoja, bado anasoma." Mwishowe ilieleweka. Kanuni zinabaki. Mwaka ulioandikwa hautoshi kuwa kisingizio iwapo kumbukumbu za kampuni yenyewe zinaonyesha aliyeshika simu ni mtoto, na Rukaruka wakapewa siku sitini kubadilisha programu yao. Wangechi alipiga vigelegele, kisha akamweleza kila aliyepita kwamba yeye ndiye aliyemshauri Wariara aseme ukweli. Wariara alimwachia hilo. Alikuwa na furaha kupita kiasi cha kugombana.

Rukaruka walikata rufaa wiki hiyohiyo. Jepleting alipiga simu kueleza kwamba kesi inaweza kwenda miaka, mpaka mahakama ya juu kabisa, na kwamba huenda wakaitwa tena. Lakini Mahakama ya Rufaa ilikataa kusimamisha agizo wakati wanangoja, na siku sitini zikaendelea kuhesabika. Wariara alimwambia kama ni kungoja, yeye ana ng'ombe, amezoea.

Siku ya sitini na moja ilikuwa Jumamosi. Jua la jioni lilikuwa limeteremka upande wa Subukia, na Wariara alikuwa na Minista, mtungi ukiwa umefika nusu, wakati Sue alipotokea mlangoni akiwa amekunja uso. Alikuwa akisukuma kioo kwa kidole gumba, anasukuma tena, anaitikisa simu.

"Mami, imeharibika. Kifaranga ameondoka. Na hizi video zimekataa."

"Imeandika nini?"

Sue akasoma taratibu, kama neno la lugha asiyoijua. "Umefika mwisho wa video za leo."

Wariara hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka mtoto atauona uso wake. Aliendelea kukamua na kungoja kilio, kama kile cha siku ile nyuma ya nyumba, au yale maneno mabaya. Vyote havikuja. Sue aliweka simu dirishani. Akaingia zizini, akaegemea ukuta, akakuna mguu mmoja kwa mwingine. Akatazama paa. Akaokota unyasi, akautafuna, akautema. Kwa muda wa mwaka na nusu mama yake hakuwa amemwona akisimama hivyo, mikono mitupu, akiwa hana la kufanya duniani.

"Mami," akalalamika mwishowe, akiburuta kila silabi, "nimeboeka."

Machozi yalimtoka Wariara yakadondokea moja kwa moja kwenye manyoya ya Minista, naye akacheka humohumo akilia. Alikuwa na kazi kumi za kumpa. Kuni hazikuwa zimepasuliwa, ndama hakuwa amepewa maji. Hakumpa hata moja. Alisogeza kigoda kidogo ili mtoto apate nafasi ya kusimama vizuri, akamwacha aboeke.